Dawa Nyuma ya Maziwa

Mzee Kuntai alisubiri mpaka aliposikia geti likifungwa, ndipo akafungua friji. Kijisanduku kilikuwa palepale, nyuma ya maziwa.

Alikuwa amekigundua wiki iliyopita, alipotafuta mahali pa kuweka chanjo ya ng'ombe wake. Ndani mlikuwa na sindano zilizofanana na kalamu nene. Alivaa miwani akasoma. Kiingereza cha pale kilimshinda, ila neno moja alilielewa vizuri: mwezi. Dawa ya kudungwa kila mwezi. Na kwenye karatasi iliyobandikwa na duka la dawa, mtu alikuwa ameandika jina moja tu, la ukoo wao. Kuntai.

Damu ilimpanda. Mambo ya mwezi ni mambo ya wanawake, na katika nyumba hii ya Kitengela mwanamke alikuwa mmoja: Naisenya, mke wa mwanawe. Kumbe alikuwa akilizima jina la Kuntai kwa kutumia jina hilohilo!

Hillary alikuwa mwanawe wa pekee. Tangu ukame umbakizie mzee ng'ombe wachache, akahama nao kutoka Kajiado na kuja kukaa kwa mwanawe, alikuwa akingoja kitu kimoja: kumpakata mjukuu kabla hajafa. Miaka ya ndoa ilipita, na nyumba ikabaki kimya.

Musila, jirani aliyeuza vyakula vya mifugo, hakumhurumia.

"Mzee, hata mbwa wangu amezaa mara mbili tangu nikule pilau ya ile harusi."

"Mbwa wako hana kazi nyingine."

Musila alicheka, kisha akasogea karibu. "Lakini sikia. Siku hizi wanadungwa. Ukiona mwanamke ananenepa na hakuna mtoto, jua hiyo ni sindano."

Na Naisenya alikuwa amenenepa. Mzee aliliona hilo. Siku hizi alivaa madera mapana, na asubuhi nyingine aliiacha chai mezani akakimbilia choo. Dawa inamkataa, mzee alijiambia.

Kumwuliza hakuweza. Baba mkwe wa Kimaasai hamwulizi mke wa mwanawe habari za mwili wake; afadhali angetembea uchi sokoni. Na kumwambia Hillary aliogopa, kwa sababu mwanamke huyu alikuwa amemshika. Mwaka jana, mzee alipowatembelea, alimkuta mwanawe amejifungia chumbani mchana kweupe, mapazia yameshushwa, Naisenya amesimama mlangoni kama askari.

"Amechoka, Baba. Tafadhali tuongee polepole."

Amechoka! Kijana aliyetahiriwa bila kupepesa jicho, ukoo mzima ukimtazama! Mzee alirudi Kajiado akiamini kwamba mwanawe analishwa kitu. Tangu ahamie hapa, siku za namna hiyo hakuziona tena. Anajua namchunga, alijisemea.

Kuzitupa sindano kungemfichua. Lakini mzee alikuwa amedunga ng'ombe maisha yake yote. Alijua kwamba chanjo ikipigwa na jua hufa, na ukiitazama huoni tofauti yoyote. Kwa hiyo kila asubuhi, Naisenya akishaenda kufundisha chekechea na Hillary akishaondoka na lori lake la mawe ya machimboni, mzee aliweka ngazi na kukilaza kijisanduku juu ya mabati ya zizi. Jua lilikioka mpaka alasiri. Kabla hawajarudi, alikirudisha nyuma ya maziwa, na baridi ya friji ikamfichia siri yake.

Baada ya siku kadhaa, sindano moja ilikuwa imetumika. Mzee alitabasamu. Sasa tutaona, alisema, akaacha kupanda ngazi.

Wiki zikapita. Jumamosi moja Naisenya aliamka akipika nyama na chapati kama mtu anayetarajia wageni.

"Jioni msiende kwa Musila, Baba," alisema, macho chini, kwa ule wingi wake wa heshima. "Hillary ana neno na nyinyi."

Wameshanijua, mzee aliwaza. Siku nzima alikaa zizini akipanga majibu. Angesema wazi. Angemwambia mwanawe ni nyoka gani anayelala naye.

Hata kabla jioni haijafika, geti liligongwa kwa fujo. Musila aliingia amemshika Hillary kwapani. Shati la kijana lilikuwa limejaa matapishi, na mikono yake ilikuwa imeyafunika macho.

"Lori iko kwa mtaro, barabara ya Namanga," Musila alisema akihema. "Mungu amesaidia, hakugonga mtu. Anasema alikuwa haoni barabara."

Mzee alimgeukia Naisenya. "Umempa nini? Mwanangu umempa nini?"

Naisenya alimlaza mumewe, akashusha mapazia, akamfunika macho kwa kitambaa cha maji baridi, haraka na bila kelele, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo. Kisha akamvuta mzee mpaka mlangoni.

"Ni kichwa, Baba, kile cha kipandauso," alinong'ona. "Kimemtesa tangu akiwa shule. Aliniapisha nisiwaambie, alisema mkijua, hamtamhesabu tena kuwa mwanamume. Sindano yake ya kila mwezi ilikuwa imekituliza mwaka mzima, hata tukaanza kusahau. Sijui kwa nini safari hii imekataa."

Kitandani Hillary aliguna. Naisenya akaegemea ukuta, mkono mmoja kiunoni, mwingine chini ya tumbo.

"Na leo," alisema, "ndiyo siku aliyochagua kuwaambia kuhusu mtoto."