Bajeti ya Siku Nne Istanbul

Siku hizi ugenini hulipi kwa pesa. Kila gharama unailipa kwa mtu mmoja wa kwenu, ambaye hatakutambua tena. Mwanahija alijipangia vizuri: hoteli kwa majirani wanne, chakula kwa mawifi wasiompenda, teksi kwa mwuza mboga wa gengeni. Jina la mwanawe, Rayani, hakuligusa.

Siku ya kurudi nyumbani orodha ya watu ilikuwa imekwisha, ndipo akakumbuka zawadi. Atarudije safarini mikono mitupu? Akachagua viatu vya mtoto vinavyowaka taa, akabonyeza kidole kwenye mashine ya malipo, hakusoma jina lililokatwa.

Alipobisha hodi kwake, Rayani alifungua, akamwangalia, kisha akaangalia viatu.

“Shikamoo. Mama kasafiri. Akirudi ataniletea viatu kama hivyo.”