Mchomeleaji wa Gari la Binti

"Nikimtia mkononi yule kijana aliyeniletea posa," mzee alisema huku akikaza nati ya gurudumu, "atajua kwa nini kuku hana meno."

Fundi wa kuchomelea, aliyekuwa amelala chali ndani ya gari lisilo na viti wala milango, alishusha haraka kofia yake ya kukinga uso. Alifanya hivyo kwa sababu mbili: alitaka kuwasha moto, na kijana aliyeleta posa alikuwa ni yeye.

Mambo yalianza hivi. Binti wa mzee alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Siku moja ngazi ya gari hilo ilikatika, akaipeleka karakana, fundi akaichomelea, na kabla chuma hakijapoa wawili hao walikuwa wameshapendana. Fundi hakutaka kuzungushana. Akamtuma shangazi yake kwenda kuposa. Shangazi akarudi amenuna.

"Kasema hatoi binti kwa mtu asiyemjua hata sura," alisema, akivua viatu. "Hata maji ya kunywa sikupewa."

Juma lile lile binti akaja na habari mpya. "Baba ananiundia gari la mbio pale uani, nishindane siku za mapumziko. Anatafuta mtu wa kuchomelea mabomba ya ndani, yale ya kumkinga dereva gari likipinduka. Nenda wewe. Usiseme wewe ni nani. Akishakuzoea ndiyo umwambie."

"Na akinigundua?"

"Akugundue vipi, na hakujui hata sura?" binti alisema, akacheka mpaka akajishika ubavu.

Basi kila Jumamosi fundi alikuwa pale uani. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, kuku walikuwa wameshalifanya kiota, na siku ya kwanza walitoa mayai kabla ya kutoa viti. Mzee, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba, alishika injini na breki. Moto hakuugusa.

"Huo nakuachia wewe, kijana," alisema, akavuta kigoda chake pembeni. Kila fundi alipotaka kuwasha, mzee alikuwa tayari ameshageuza uso. Mikono yake ilijaa vidoa vya kuungua.

"Jikoni," alisema, alipoona fundi anavitazama.

Kazi ile ilimtoa fundi jasho la meno. Mzee alipitisha kidole kwenye kila kiungio, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba. "Hiki sikipendi." Fundi akakisaga, akarudia. "Na sasa?" "Bado sikipendi." Kuna siku alifungua mdomo abishe, mzee anajua nini huyu? Kisha akakumbuka ni nani atakayekaa ndani ya mabomba yale. Akafunga mdomo, akawasha mashine ya kusaga.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa chai ya saa nne.

"Yule mtu wa posa," mzee alisema siku moja, akipuliza kikombe, "nasikia ana masikio kama sahani."

Binti alipaliwa na chai. Fundi alivuta kofia yake mpaka ikafunika masikio.

Siku ya mashindano ikafika. Uwanja ulikuwa wa vumbi, nyuma ya machimbo ya kokoto, na washindani walikuwa watu wa kujifurahisha tu: gari hili limepakwa rangi ya ukuta, lile boneti limefungwa kwa mpira. Kila moja lilikimbia peke yake, likishindana na saa.

Binti aliondoka kama mshale. Kona ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu aliiingia kama aliyebeba mgonjwa mahututi. Gurudumu moja likapanda tuta, gari likabiringika, likabiringika tena, likapotelea ndani ya vumbi.

"Mpenzi wangu!" fundi alipiga ukelele. Aliruka kamba na kukimbia kuliko gari lolote lililokimbia siku ile.

Vumbi lilipotulia, gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake. Paa limebonyea, taa zimeng'oka. Bomba hata moja halikupinda. Binti alitoa kichwa dirishani, kofia imekaa upande.

"Nimetumia muda gani?"

Watu wakashangilia. Fundi alimshika mikono, akicheka na kulia kwa pamoja, na alipogeuka, mzee alikuwa nyuma yake.

"Mpenzi wa nani?" mzee aliuliza.

Maji yakimwagika hayazoleki. "Mimi ndiye yule wa posa, mzee wangu," fundi alisema. "Jumamosi zote hizi nimekudanganya. Naomba unisamehe."

Mzee aliingiza kichwa garini, akaanza kupapasa viungio, kimoja baada ya kingine.

Ndipo mkaguzi wa mashindano alipofika, anahema, tumbo mbele. Alipomwona mzee alivua kofia, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu! Kumbe gari lako hili! Ndiyo maana halikupondeka." Akawageukia watu waliojaa pale. "Mnamjua huyu? Wachomeleaji wote wa rika langu ametufundisha yeye!" Kisha akachungulia ndani, akakunja uso. "Lakini huu si mkono wako, Mwalimu. Tangu lini wewe ukaita fundi?"

"Tangu nilipoletewa posa," mzee alisema, akitabasamu na kuyatazama masikio ya fundi.