Karani Aliyetaka Daraja la Chini

"La chini kabisa, Mwalimu," Fabiani alirudia kwa mara ya tatu. "Lile ambalo kitabu chake kina picha."

Mwalimu Bonaventura alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa tena. Mgeni wake hakubadilika: mwanamume wa makamo, suruali imepigwa pasi ikasimama, kalamu mbili mfukoni. Watu wa namna hiyo hawaombi vitabu vya picha.

Mwaka ule wa 1951, Bonaventura alikuwa amestaafu ualimu na kuwa wakala wa chuo kimoja cha Uingereza kilichofundisha uongozi wa biashara kwa njia ya posta. Sebuleni kwake, pale Korogwe karibu na stesheni, alikuwa ameshaandikisha watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyempa daraja lisilomfaa. Madaraja yalikuwa matatu: la wanaoanza kazi, la makarani waliokomaa, na la wakubwa wenyewe. Kitabu cha hilo la tatu kilikuwa kizito kama tofali.

"Nguo hukatwa kwa kipimo cha mvaaji," alisema. "Kazini una miaka mingapi?"

"Kumi na minne. Shamba la mkonge, upande wa Magoma. Mimi ndiye karani mkuu."

"Barua za makao makuu anaziandika nani?"

"Mimi."

"Vibarua anawapanga nani?"

"Mimi, Mwalimu."

"Na mashine ikigoma?"

"Wananigongea mlango."

Bonaventura akaamua kumtega. "Una wakataji mia na ishirini. Kumi na wanane wana homa. Kila mzima anakata mafungu sabini kwa siku..."

"Elfu saba, mia moja na arobaini," Fabiani alimkatiza kwa adabu. "Ikiwa ni Jumatatu, toa mia tano. Jumapili watu wanakunywa."

Mwalimu alisimama. "Mwanangu, daraja la pili litakubana! Wewe unaweza kuliendesha shamba zima!"

"Ninaliendesha, Mwalimu."

"Sasa daraja la kwanza la nini? Somo la kwanza ni mama anayeuza machungwa! Ukurasa wa pili machungwa, wa tatu machungwa!"

"Yamechorwa makubwa?"

"Kama vichwa vya watoto!"

"Hapo sawa," alisema Fabiani, uso ukamkunjuka.

Bonaventura alikaa taratibu. Katika miaka thelathini ya kufundisha alikuwa amekutana na wajinga waliojiona werevu, tele. Mwerevu wa kujishusha hivi hakuwahi kumwona. "Unaogopa nini, mwanangu?"

Fabiani akashusha sauti. Alikuwa na miaka sita bila likizo. Mkewe, Justa, alikuwa Misima, kule Handeni, analima peke yake. Binti yao Shida angeolewa baada ya mavuno, na Justa alikuwa ametuma ujumbe: baba asipofika, mjomba atakaa kwenye kiti chake, na baba huyo asihangaike kurudi tena. Lakini kila alipomwomba meneja wake ruhusa, jibu lilikuwa lile lile: nenda, ila kwanza apatikane mtu wa kuifanya hiyo kazi.

"Ndiyo maana nakwambia!" Bonaventura alipiga meza. "Ukiwa na cheti kikubwa, nani atakunyima ruhusa?" Akalisukuma lile tofali mbele.

Fabiani akalirudisha polepole, akavuta kile kijitabu chembamba. "Hiki kitamalizika kabla ya mavuno?"

"Kwa akili yako? Siku mbili."

"Tuseme miezi mitatu."

Mwalimu alikata tamaa. Moyo ulimuuma kama wa mtu anayemwona fahali akibebeshwa mzigo wa kifaranga. Hata hivyo, kazi ni kazi. Akachukua fomu, akajaza tarehe, akagonga muhuri wa uwakala, na kuonyesha mstari wa chini kwa kidole.

"Haya. Hapa mwanafunzi atie sahihi."

Fabiani alikuwa ameshasimama dirishani, akipunga mkono kuelekea gari lililokuwa limeegeshwa barabarani.

"Bwana Meneja!" aliita kwa Kiingereza chake kizuri. "Shuka sasa, uje utie sahihi."