Mwanga Juu ya Kabati

Nanyama alibonyeza rimoti hadi kidole kikamuuma, lakini runinga ya chumba alichokodi Kitale haikuwaka.

"Si ununue betri, madam!" mwenye nyumba alimfokea simuni kutoka mji mwingine.

"Nimenunua, bana! Ngoja nione kama rimoti ndiyo mbovu."

Bila kukata simu, aliiweka kwenye spika, akafunga mapazia, akaielekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu yake, ambayo huona mwanga usioonekana kwa macho. Alipobonyeza, nukta ya zambarau ikawaka kiooni. Kumbe rimoti ilikuwa nzima!

Alifungua kinywa ampashe. Ndipo akaona kiooni nukta nyingine, nyuma ya bega lake, juu ya kabati. Akageuka. Kwa macho hapakuwa na taa yoyote.

"Na mapazia," mwenye nyumba akauliza, "unayafungia nini?"