Pimbi na Nyuzi za Habari

Katika msitu mmoja, habari zilisafiri kwa nyuzi za buibui wawili walioshindana, Mweusi na Manjano. Siku moja wakatangaza kwamba wanataka kuungana wawe kampuni moja.

Pimbi, mama aliyeishi mwambani na watoto wake, alifurahi, kwani buibui waliahidi huduma bora. Lakini Kakakuona, mwamuzi wa biashara za msituni, alikataa.

"Mzee, unatuonea!" Pimbi alimfokea mbele ya wanyama wote.

"Mwanangu, wakiwa kitu kimoja, nao wakikutupa, utakwenda kwa nani?"

Pimbi akasonya, akaenda zake.

Kiangazi kilipoingia, uzi wake ukakatika. Akamwita Mweusi aje autengeneze.

"Huko mwambani ni mbali, na mteja ni wewe peke yako," Mweusi alimjibu. "Subiri masika."

Manjano aliposikia hivyo alikuja mbio kumchukua mteja huyo, akamvutia uzi mpya. Jioni ile ile uzi ukaleta habari kwamba moto umeshika nyasi na unapanda mwambani. Pimbi akawakusanya wanawe, wakavuka mto salama.

Kulipokucha alikwenda kwa Kakakuona. Mzee alipomwona tu, akajikunja kama mpira akingoja matusi.

"Nimekuja kukushukuru, mzee wangu," Pimbi alisema, machozi yakimlengalenga. "Wanangu wako hai."

Kakakuona akajikunjua polepole, akatoa kichwa.

"Basi walete niwaone."