Mlango wa Kuazima

Alfajiri ya Jumatatu, mlango wa Mzee Bwanausi ulivuka uchochoro mabegani mwa wanaume wanne, wakitweta na kuhimizana, "Taratibu, taratibu!" Mina, muuza mihogo, alipouona umefunikwa shuka akashika kichwa.

"Inna lillahi! Kafa nani?"

"Hajafa mtu," Bi Zuwena alimjibu haraka. "Tunaazimana tu."

Na kweli, Bagamoyo kuazimana si habari. Harusi ikiingia, masinia hutoka kwa huyu, mikeka kwa yule, na bibi harusi hukaa amevaa dhahabu ya nyumba tatu. Lakini mlango! Mlango mzima, na miimo yake, na misumari yake ya shaba!

Shida ndiyo iliyomfikisha hapo. Paa la Bi Zuwena lilivuja hata masika yaliyopita akalala katikati ya mabeseni saba, kitanda akikihamisha huku na huku. Mfuko mmoja wa kuhifadhi majumba ya kale ulikuwa unatoa ruzuku, ila kwa sharti: nyumba iwe na mlango wake wa asili, wa nakshi. Wa kwake, marehemu mumewe aliuuza zamani kwa tajiri mwenye hoteli, akaweka wa bati. Mungu amrehemu, lakini kichwa chake kilikuwa chepesi.

Aliyemletea fomu ni Mzee Bwanausi mwenyewe, jirani wa mkabala. Na aliyesema "Chukua mlango wangu" ni yeye vilevile. Nyumba zao zilijengwa na ndugu wawili kwa kipimo kimoja. Mlango ungeingia bila hata kurandwa.

Bi Zuwena alimwuliza mara mbili. Mzee Bwanausi huyuhuyu, mkono wa birika, aliyewahi kumnyima mchi saa moja kabla ya kufuturu! Na mlango ule ndio ulikuwa roho yake. Ukimwuliza saa ngapi atakujibu, lakini kwanza utasikia habari za mlango: nani aliuchonga, mti ulitoka wapi, waridi zake ni ngapi.

"Mzee wangu, nikushukuruje?"

"Usinishukuru. Mkaguzi akishaondoka, mlango urudi siku hiyohiyo." Akamgeukia Masoud, fundi seremala. "Na wewe usinifagilie hivyo vifusi. Viache vilivyo."

Mkewe, Mwanabaraka, akaleta pazia zuri la kuzibia uwazi. Mzee akalirudisha ndani, akatundika gunia lililotoboka. Bi Zuwena akamwonea huruma. Uzee huo, alijisemea.

Jumatano saa nne mkaguzi akafika kutoka Dar es Salaam. Aliitwa Bi Nadhira, kijana mpole wa miwani, kishikwambi mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita ndani, hapa ni kwenu."

Hakupita. Alinasa pale pale mlangoni. Akapapasa nakshi, akapiga picha, akachutama mpaka chini kabisa walipochongwa samaki wawili.

"Huyu wa kulia mbona hana jicho?"

Lo! Hilo Bi Zuwena hakujiandaa nalo. "Mchongaji," alisema, "alifikwa na mauti kabla hajamaliza."

"Subhanallah." Bi Nadhira akaandika. Ng'ambo ya uchochoro, nyuma ya gunia, mtu akakohoa kwa hasira.

Paa alilitazama dakika moja tu, akahesabu mabeseni, akatikisa kichwa. Wali wa nazi na pweza aliula mpaka akaegemea ukuta. Kisha akayasema maneno ambayo Bi Zuwena aliyasubiri tangu masika. "Mama, mimi kwa upande wangu naipendekeza nyumba yako. Mvua za vuli zitakukuta umeshaezeka."

Bi Zuwena machozi yalimtoka. Alimsindikiza mgeni nje huku moyoni akimwombea Mzee Bwanausi pepo ya juu kabisa. Alishaamua kwamba mlango hautarudi mtupu, utarudi na sinia la pilau.

Lakini Bi Nadhira hakuelekea kwenye gari. Alivuka uchochoro, macho kwenye orodha yake.

"Kumbe mnatazamana! Hii ndiyo nyumba yangu ya pili leo, kwenye fungu la fidia kwa walioibiwa milango. Mzee Bwanausi yupo?"

Gunia likafunuliwa. Mzee Bwanausi akatoka na kanzu yake kuukuu kuliko zote, leso machoni.

"Shikamoo, Mzee. Pole sana kwa wizi."

"Marahaba, mwanangu. Wamenimaliza! Wameng'oa mpaka miimo, si vifusi hivyo unaviona?"

Bi Zuwena akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Kumbe muda wote ule mzee alikuwa anatafuta pa kuuficha!

"Ulikuwaje huo mlango?" aliuliza Bi Nadhira. "Kwa kifupi tu, Mzee, nijaze fomu."

Ya Rabi, mfunge kinywa, Bi Zuwena aliomba. Akamtikisia kichwa, akampungia mikono, wapi! Uso wa mzee ulishawaka, mgongo ukanyooka, leso ikaanguka.

"Mlango wangu? Mninga mtupu! Waridi kumi na mbili juu, mnyororo pembeni, na chini kabisa samaki wawili. Wa kulia hana jicho, na asikudanganye mtu kuhusu mchongaji, kazi yake aliimaliza! Jicho nililing'oa mimi kwa kisu, nina miaka saba, baba akanitandika bakora!"

Bi Nadhira aliacha kuandika. Akageuka taratibu, akatazama ng'ambo ya uchochoro, ambako Bi Zuwena alikuwa amechutama mlangoni, akimfunika samaki kwa upindo wa kanga.