Kizazi cha Kumi na Mbili

Mwanamkasi alivipima viganjani vichakataji viwili vya mashine yake ya michezo ya video, alivyopewa na fundi Semboja. Cha kizazi cha kumi na moja kilikuwa ghali. Cha kumi na mbili kilikuwa nafuu.

"Bwana Semboja, mbona kipya ndicho rahisi?"

"Cha zamani hutii tu, mama. Hiki huujifunza mkono wako, na sauti yako pia. Ukiinuka, chenyewe huendelea kwa niaba yako ili mchezo usikatike. Serikali imevifutia kodi."

"Mimi hucheza mpira na mdogo wangu tu, Jumapili. Nifungie hiki."

Jumapili ilipofika, yeye na mdogo wake Shekue, aliyehamia Mwanza, walianza kwa desturi yao ya kuulizana habari za nyumbani. Katikati ya mchezo wali ukanuka kuungua, naye Mwanamkasi akakimbilia jikoni. Aliporudi, alimkuta Shekue akicheka kwenye spika.

"Ahsante, dada! Miaka yote umeshupaa, leo umekubali bila hata kununa. Nimekwisha kumwambia dalali: nyumba ya mama iuzwe. Wewe anza kufungasha."

Mwanamkasi alikuwa akiishi katika nyumba hiyo. Akatambua kwamba kichakataji kilikubali kwa niaba yake, maana ugomvi ungalikatisha mchezo.

"Shekue, si mimi niliyekubali!" alipiga kelele.

Shekue hakusikia. Kwenye kioo, mshambuliaji wa Mwanamkasi aliendelea kukimbia na mpira, na sauti ya Mwanamkasi mwenyewe, tulivu kuliko alivyowahi kuwa, ikasema kwenye spika, "Nitafungasha, mdogo wangu. Haya, cheza."